Siroze: jina la rangi lililogeuzwa hukumu

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, habari ikivuma kwamba mtu fulani ana siroze, ule ugonjwa wa ini, swali la kwanza halihusu vipimo wala dawa. Watu huuliza alikuwa akinywa nini. Kasiksi? Kanyanga? Bia tu? Jibu lisipopatikana, linatafutwa kwa nguvu, mpaka mtu akumbukwe alivyoonekana kwenye harusi fulani miaka mingi iliyopita akiwa na glasi mkononi. Likizidi kukosekana, mazungumzo yanahamia kwenye sumu. Nimeyasikia haya matangani Kadutu, nimeyasikia kwenye benchi za kungojea ekografi, kile kipimo cha picha ya ndani ya tumbo, kule Ibanda, na nimeyasikia hata kwa watu wenye koti jeupe, ambao ndio tungetegemea watusahihishe.

Ninachotaka kusema ni kwamba neno siroze halitaji pombe, wala halitaji chanzo chochote kile. Ni jina la rangi. Hukumu imebandikwa juu yake, na hukumu hiyo inawaumiza wagonjwa wanaojificha kwa aibu pamoja na ndugu zao wa damu, ambao hakuna anayefikiria kuwapima kwa sababu kila mtu anaamini chanzo tayari kinajulikana.

Neno lenyewe liliandikwa Paris mwaka 1819. René Laennec, daktari mzaliwa wa Quimper, alikuwa akitoa kitabu chake kikubwa kuhusu kusikiliza kifua kwa stetoskopu, chombo alichokibuni mwaka 1816. Kitabu ni cha mapafu na moyo. Ini limo kwa bahati tu, katika tanbihi chini ya habari za mgonjwa aliyefariki kwa maradhi ya kifua. Alipompasua, Laennec alikuta tumbo limejaa maji, na ini limenywea hadi theluthi moja ya ukubwa wake wa kawaida. Juu lilikuwa na mikunjo na vinundu. Alipolikata, aliona limejaa chembe zilizosongamana, nyingine ndogo kama punje ya ulezi, nyingine kubwa kama mbegu ya bangi, na zote zilikuwa na rangi kati ya manjano na kahawia. Alihitaji jina. Akachukua neno la Kigiriki, kirrhos, ambalo ndilo jina la rangi hiyo na ambalo Wagiriki walizoea kulitumia kwa aina fulani ya divai, akalipa mwisho wa Kifaransa. Likawa cirrhose, na midomoni mwetu siroze.

Kwa nini daktari makini kiasi hicho, aliyegundua mambo ambayo wengine waliyapita kwa karne nyingi, alichagua rangi na kuacha mengine yote? Kwa sababu aliamini kwamba zile chembe ni nyama mpya, kitu kigeni kilichoota ndani ya ini na kukua kama uvimbe. Akiamini hivyo, rangi ndiyo ilikuwa alama ya kukitambua kitu hicho popote kitakapoonekana mwilini. Hapo alikosea. Waliomfuata walionyesha kwamba chembe hizo ni ini lenyewe, vipande vyake vinavyojaribu kukua upya huku vikiwa vimefungwa pande zote na kamba za kovu. Rangi si lazima iwepo. Kovu ndilo ugonjwa wenyewe, na jina halikulitaja. Laennec hakuishi kuliona sahihisho hilo. Alikufa mwaka 1826 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 45.

Wapo wanaodhani siroze inatokana na neno jingine la Kigiriki linalofanana nalo, skirros, yaani kitu kigumu. Ninaelewa wanavyochanganya, na ninasikitika kwamba sivyo, maana lingekuwa jina bora. Karibu miaka 2,000 kabla ya Laennec, tabibu Erasistratus wa kule Alexandria alikwisha kusema kwamba maji ya tumboni hutokana na ini lililokuwa gumu kama jiwe. Aliyelishika ini kwa mkono alikuwa karibu na ukweli kuliko aliyeliangalia rangi.

Sasa pombe iliingia wapi? Iliingia kabla ya jina. Mwaka 1793, London, Matthew Baillie alichapisha kitabu cha maumbile ya viungo vilivyoharibiwa na magonjwa, akaeleza ini lenye vinundu, akasema huonekana zaidi kwa watu waliozoea pombe kali kwa muda mrefu. Hakusema uongo. Alikuwa katika mji ambao umelewa pombe kali ya gin kwa karne nzima, akaandika alichokiona mezani pake. Tatizo ni kwamba alichokiona London kiligeuka kanuni ya dunia nzima. Jina la Laennec na uchunguzi wa Baillie vikafungwa pamoja katika vitabu vya Ulaya, na vitabu hivyo ndivyo vilivyofundishia waganga wa kikoloni waliokuja huku, na waliofundishwa nao. Katika nchi yetu, kama katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, mkosaji wa kwanza wa kuogopwa ni kirusi cha hepatiti B, kinacholishambulia ini. Pombe inashiriki, tena sana. Lakini yule mlevi wa London bado anakaa mbele ya foleni kila daktari anaposoma ekografi.

Ili ubaya wa hukumu hii ueleweke, inabidi kuangalia ini linafanya kazi gani. La mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, limejificha nyuma ya mbavu za kulia. Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo, ikiwa imebeba kilicholiwa na kilichonywewa, hupita humo kwanza kabla ya kuufikia moyo. Ini huichuja, huweka akiba ya sukari, hutengeneza nyongo, hutengeneza protini inayoyazuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa, na hutengeneza vitu vinavyogandisha damu mtu anapojikata. Lina uwezo wa ajabu pia: likikatwa sehemu, hukua tena. Ndiyo maana hustahimili mateso ya miaka bila kulalamika. Mtu anaweza kubeba ini linaloharibika kwa miaka 20 au 30 huku akipanda mlima wa Kadutu na gunia la mkaa mgongoni.

Likijeruhiwa bila kupumzika, kila jeraha huacha kovu, makovu huungana, na njia za damu ndani yake hubanwa. Damu inayotoka kwenye utumbo haipiti tena kwa urahisi. Inafanya kama Ruzizi ingefanya pale kwenye bwawa milango yote ikifungwa: inapanda, na kutafuta njia za pembeni. Njia mojawapo ni mishipa midogo ya umio, karibu na mlango wa tumbo. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba damu nyingi hivyo. Inavimba, na siku moja inaweza kupasuka, mtu akatapika damu nyekundu hadi beseni ijae. Wakati huohuo maji yanajaa tumboni, miguu inavimba ilhali mikono na mabega vinakonda, na macho yanageuka manjano. Uchafu ambao ini lilikuwa likiuondoa unafika kwenye ubongo: mgonjwa anageuza usiku kuwa mchana, anasahau majina ya watoto wake, anaanza kusema maneno yasiyounganika, mikono inapepesuka akiinyoosha.

Soma tena dalili hizo ukiwa ndani ya familia isiyo na karatasi ya maabara. Mtu mzima, aliyekuwa na nguvu jana, tumbo linajaa maji, anatapika damu, anatajataja watu katika wazimu wake. Nani asingefikiria karuho? Hapa kwetu jina hilo la sumu ya polepole linajulikana kwa kila mtoto, na siwadharau wanaoliogopa. Wanaona kitu halisi kinachotokea mbele ya macho yao, na wanakipa maelezo pekee waliyonayo. Kinachoniumiza ni kinachofuata. Mgonjwa anapelekwa kwa mtu anayetoa dawa za kutapisha sumu, na kumtapisha mtu mwenye mishipa iliyovimba kwenye umio ni kuialika damu. Mizizi mingine, hata isipotapisha, ni kazi mpya kwa ini ambalo halina tena nguvu ya kazi. Halafu anatafutwa aliyemlisha. Mara nyingi anapatikana: mke, mama mkwe, jirani waliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Familia inavunjika juu ya ugonjwa ambao huenda uliingia mwilini siku mgonjwa alipozaliwa.

Kuna mama mmoja jirani yetu aliyekuwa akiuza sambaza sokoni Kadutu. Alikuwa shemasi kanisani, na pombe haikuwahi kuingia nyumbani mwake, hata kasiksi ya sherehe. Tumbo lilipoanza kumjaa, alidhani ni myoma, uvimbe wa kizazi. Binti yake alimsindikiza hospitali, ekografi ikafanywa, na karatasi ikaandikwa neno moja la Kifaransa. Daktari hakuinua kichwa.

"Mama, utaacha pombe kuanzia leo."

"Pombe gani, Docta? Miye sijaonja hata ya kuonjeshwa."

"Wote munasema hivyo."

Binti alinisimulia kwamba mama yake alikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya kitambaa alimokuwa akifunga pesa za samaki, akasimama bila kuaga. Hakurudi hospitali ile. Hakutaka kurudi mahali alipoitwa mwongo mbele ya mtoto wake. Alikaa nyumbani miezi, akinywa dawa za huku na kule, mpaka mtu mmoja wa kanisani alipomshawishi aende kupimwa damu kwingine. Kipimo cha Ag HBs kilitoka na jibu: alikuwa na hepatiti B, pengine tangu utotoni. Alianzishwa dawa, lakini ini lilikuwa limechelewa sana. Matangani nilikaa nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakisemezana. Mmoja alisema marehemu alikuwa akinywa kwa siri. Mwingine akasema hapana, ni yule mke wa kaka yake.

Baada ya mazishi, binti aliwasihi wajomba wakapimwe. Wakubwa walikataa, walisema ugonjwa wa walevi hauwahusu. Mjomba mdogo alikwenda. Akakutwa na kirusi kilekile, ini lake likiwa bado laini, na leo anameza kidonge kimoja kila siku na kuendesha pikipiki yake kama kawaida. Sina mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi kilichopotea siku ile daktari alipokosa kuinua kichwa. Angesema tu, "Hatujajua chanzo, tukitafute," ukoo mzima ungepimwa mapema.

Kirusi chenyewe hakina siri. Baruch Blumberg wa Marekani alikiona kwa mara ya kwanza kupitia chembe ndani ya damu, katika kazi aliyoitangaza mwaka 1965, na mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel. Chanjo imepatikana tangu miaka ya 1980. Kirusi hupita kwa damu, kwa ngono, kwa wembe wa chale au wa kunyolea unaotumiwa na watu wengi, na hasa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Nje ya mwili kinaweza kubaki hai kwenye uso mkavu kwa siku saba angalau. Hakipiti kwa sahani moja, kwa kushikana mikono, kwa kukumbatiana, wala kwa jasho la kawaida la kazi. Lililo kubwa kuliko yote ni umri. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukifukuza. Chini ya mmoja kati ya 20 hubaki nacho. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu tisa kati ya kumi hubaki nacho maisha yote. Kwa hiyo yule mwenye umri wa miaka 45 anayeulizwa alikunywa nini ujanani, swali lake lingefaa kurudi nyuma zaidi, hadi chumba cha kuzalia.

Hepatiti C nayo ipo, na ilitambuliwa mwaka 1989. Waliofanya kazi hiyo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Nobel mwaka 2020. Hiyo siku hizi inapona kabisa kwa vidonge vya wiki 12 kwa zaidi ya watu 95 katika kila 100. Ng'ambo tu ya Ruzizi, Rwanda ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2018 mpango wa miaka mitano wa kuimaliza nchini mwake, ikaanza kuwapima watu kwa wingi, wakiwemo wazee wa vijijini. Mtu hakupimwa kwa sababu anakunywa au hanywi. Lugha yao haikuwarahisishia kazi pia: kwa Kinyarwanda ini huitwa umwijima, neno ambalo pia ni giza. Walipima hivyohivyo.

Kuna watakaosema kwamba ninatetea walevi. Sikwepi. Pombe huharibu ini, na kanyanga inayopikwa bila kujulikana nguvu yake huliharibu haraka zaidi. Mwenye hepatiti B anayekunywa anaongeza moto juu ya moto. Kuacha pombe husaidia hata ini lenye makovu tayari, na daktari ana haki na wajibu wa kumwuliza kila mgonjwa kama anakunywa. Lakini aulize kama anavyouliza umri na uzito, halafu aendelee na kipimo cha damu hata jibu likiwa ndiyo, kwa sababu mlevi pia anaweza kuwa na kirusi. Hilo ndilo linalosahaulika zaidi. Tukishampata mtu anayekunywa, tunaona kesi imekwisha, na hatumpimi. Mlevi naye ana watoto.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kuona kwamba jina linaweza kumuumiza mgonjwa, wakachukua hatua. Kuna ugonjwa wa njia ndogo za nyongo ambao kwa zaidi ya nusu karne uliitwa siroze, ingawa wengi wa wagonjwa wake hawana siroze hata kidogo, na tisa kati ya kumi ni wanawake. Wanawake hao walichoka kuulizwa kazini na kwenye familia walikuwa wakinywa kiasi gani. Walidai jina libadilishwe, na mwaka 2015 likabadilishwa. Neno siroze likaondolewa, likawekwa neno linaloeleza uvimbe wa njia za nyongo. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vilibadilisha pia jina la ugonjwa wa mafuta ndani ya ini, na moja ya sababu walizotaja ni kwamba jina la zamani liliwadhalilisha wagonjwa kwa kutaja pombe na mafuta. Hayo hayakuwa mambo ya ushairi. Walikuwa madaktari na wagonjwa mezani, wakikubaliana kwamba mtu anayeona aibu haji kliniki.

Je, nasi tutunge jina letu? Kiswahili kina utajiri hapa kuliko tunavyodhani. Ini kwetu ni mahali pa uchungu wa ndani kabisa. Mtu akipatwa na jambo zito husema limemkata maini. Kifaransa tulichokirithi hakina hata neno lake la asili kwa kiungo hiki: foie linatokana na Kilatini ficatum, yaani lililolishwa tini, kwa sababu Waroma waliwalisha bata bukini tini ili ini linenepe kwa ajili ya meza. Jina la chakula likalifunika jina la kiungo. Lakini majina mengine tuliyojitungia yanapotosha pia. "Homa ya ini" inamfanya mtu angojee homa, na hepatiti B ya kudumu inaweza kukaa miaka bila homa hata siku moja. "Homa ya manjano" ni ugonjwa mwingine kabisa, wa mbu, ila kila mwenye macho ya manjano mtaani anapewa jina hilo. Mimi naona "makovu ya ini" yangetosha. Mama wa sokoni anajua kovu ni nini, anajua kwamba kovu lilitanguliwa na jeraha, na swali linalomjia mwenyewe ni: nani au nini kiliniumiza? Swali hilo ndilo sahihi, na jina la Laennec halikuwahi kuliibua.

Hata hivyo sitapigania jina kama kuna kitu cha kupigania zaidi. Siroze itabaki kwenye karatasi zetu kwa muda mrefu, na haina ubaya ikiandikwa pamoja na chanzo. Siroze ya hepatiti B. Siroze ya pombe. Siroze ambayo chanzo kinatafutwa. Neno likisimama peke yake, familia italijazia chanzo yenyewe, na tumekwisha kuona inajaza nini.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2024 yenye hesabu za mwaka 2022: watu milioni 254 walikuwa wakiishi na hepatiti B, na kati yao 13 tu katika kila 100 walikuwa wamepimwa na kuambiwa. Waliokuwa kwenye dawa walikuwa watatu katika kila 100. Maambukizi mapya 63 katika kila 100 yalitokea Afrika, na ni watoto 18 tu katika kila 100 wanaozaliwa barani humu wanaopata chanjo ya siku ya kwanza. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoirudia kila ninapokutana na mkunga. Hapa watoto wetu huchanjwa hepatiti B ndani ya chanjo ya pamoja, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Ni vizuri, na ieleweke kwamba inaokoa wengi. Lakini kirusi cha mama hakingoji wiki sita. Dozi inayomlinda mtoto dhidi ya damu ya kuzaliwa hutolewa ndani ya saa 24, na mama mwenye mimba anayejulikana kuwa na kirusi kingi anaweza kupewa dawa ya tenofovir kabla ya kujifungua ili kumpunguzia mtoto hatari. Ni molekuli ileile inayotumika katika dawa za virusi vya ukimwi, na dawa hizo zimekuwa zikifika katika vituo vya afya vya Kivu kwa miaka mingi.

Kwa hiyo nani apimwe? Kila mama mjamzito. Kila aliyezaliwa tumbo moja na mtu aliyeambiwa ana siroze au kansa ya ini, watoto wa mtu huyo, na mwenzi wake wa ndoa, awe anakunywa au hakunywi. Kipimo kinaitwa Ag HBs na kinahitaji tone la damu. Jibu likitoka hapana, na mtu hajawahi kuchanjwa, kuna sindano tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Likitoka ndiyo, inafuata kazi ya kupima ini limefika wapi na kama dawa inahitajika sasa au baadaye, kisha kurudi kwa daktari mara kwa mara kama alivyopanga. Na wembe wa nyumbani, kila mtu awe na wake.